Redio zetu "zinasikika Kanda nzima ya Kaskazini"? Tuzungumze mnara, milima na kumi bora za kila wiki

Wakuu wa Arusha, Moshi na vitongoji vyake, salaam.

Kila redio ya muziki huku kwetu ina namna yake ya kusema kwamba inasikika Kanda nzima ya Kaskazini. Mwisho wa wiki ukifika inapigwa kumi bora, yaani nyimbo kumi zilizopata kura nyingi, na wimbo ulioshika namba moja unatangazwa kuwa ndio unaotamba Kanda nzima. Watu wakilalamika kuhusu mawimbi wanalalamika kivyao, na wakilalamika kuhusu orodha za nyimbo ni mjadala mwingine. Mimi nayaona ni jambo moja. Orodha haiwezi kuwa pana kuliko eneo ambalo redio inashika vizuri, na haiwezi kuaminika kuliko namna kura zake zilivyohesabiwa.

Ninafanya kazi ya ufundi wa redio na vyombo vya muziki hapa Moshi. Vijana wanaorekodi nyimbo na kuzipeleka Arusha wakitegemea nafasi kwenye orodha hizo nawaona kila wiki, na inaniuma wanapotoa fedha bila kujua wananunua nini. Kituo sitakitaja, maana ninayoandika yanahusu karibu vyote.

Nianze na mawimbi.

FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108. Wimbi moja lina urefu wa kama mita 3 na linasafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Halirudishwi chini na anga la juu kama yale ya masafa mafupi ambayo wazee wetu walipatia habari za mbali. Kwa hiyo kabla hujauliza mtambo una kilowati ngapi, uliza antena imekaa juu kiasi gani na mbele yake kuna nini. Mafundi tuna hesabu ya haraka: chukua kimo cha antena kwa mita juu ya ardhi inayoizunguka, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.1. Unapata kilomita hadi kwenye upeo wa mawimbi. Antena iliyo mita 50 juu ya tambarare inakupa kama kilomita 29. Ukiiweka kilimani, mita 200 juu ya tambarare ileile, unapata kama 58. Yaani kimo kikiongezeka mara nne, umbali unaongezeka mara mbili. Ndiyo maana kilima kizuri kina thamani kuliko mtambo mkubwa uliofungwa juu ya paa la ghorofa.

Sasa tazameni nchi yetu ilivyokaa. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka Tengeru, Usa River hadi uwanja wa ndege wa KIA, ardhi inazidi kwenda chini, na Moshi mjini uko kati ya mita 800 na 900 hivi. Antena iliyosimikwa vizuri Arusha inautazama upande wa mashariki na kusini kutoka juu. Mirerani na nyika za Simanjiro ziko wazi mbele yake. Kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: mtu wa Machame au Sanya Juu, aliye kwenye mteremko wa Kilimanjaro unaotazama magharibi, anaweza kuishika redio ya Arusha vizuri kuliko mwenye duka katikati ya mji wa Moshi, ingawa wa mjini ana barabara ya lami hadi mlangoni kwa kituo. Mawimbi hayafuati lami.

Geuka upande wa pili. Mlima Meru una mita 4,566. Ngarenanyuki iko nyuma yake ukitazama kutoka mjini. Oldonyo Sambu na barabara ya Longido hadi Namanga zinafichwa na bega la mlima huohuo. Magharibi kuna milima ya Monduli, na ukishuka Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu umeingia shimoni kabisa kwa habari ya FM. Rombo ndiyo mfano mkubwa kuliko yote: kati ya Mkuu au Tarakea na Arusha umesimama Mlima Kilimanjaro wenyewe, mita 5,895. Hakuna kilowati zitakazopenya mwamba ule. Wimbi linaweza kujipinda kidogo kwenye ukingo wa kilima na kumwagikia upande wa pili, lakini linafika limechoka. Kwa Rombo dawa ni moja, kusimika mtambo mwingine upande uleule wa mlima, na mtambo huo unahitaji masafa yake na kibali chake.

Nguvu nayo ina mipaka. Kutoka kilowati 1 hadi 2 unaongeza desibeli 3 tu, kwa kipimo tunachotumia mafundi kulinganisha nguvu. Ukali wa mawimbi kule kwa msikilizaji unapanda mara 1.4 hivi, wala haurudufiki, na bili ya umeme inajulikana inavyopanda. Tena hakuna kituo kinachojiongezea nguvu kinavyotaka. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, hugawa masafa na masharti yake, na kwa nchi zilizopakana kama sisi na Kenya kuna mpango wa kimataifa uliokubaliwa Geneva mwaka 1984 unaosimamia FM ili vituo visiumizane kuvuka mpaka. FM ina tabia moja ya ajabu: vituo viwili vikigongana kwenye masafa yaleyale, redio inashika chenye nguvu zaidi na kukinyamazisha kingine. Kwenye gari unaweza kupita kona moja ukahamishwa kutoka wimbo mmoja kwenda mahubiri, kona inayofuata ukarudishwa.

Halafu kuna tofauti kati ya kusikika na kusikika vizuri. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limependekeza viwango vya chini vya ukali wa mawimbi kwa matangazo ya stirio, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia: desibeli 54 juu ya mikrovolti moja kwa mita vijijini, 66 mijini, 74 kwenye miji mikubwa. Mjini panadai zaidi kwa sababu ya majengo na kelele za vifaa vya umeme. Kwa mono, yaani sauti ya njia moja, viwango vinashuka. Vijijini inatosha 48. Ndiyo sababu redio yako ikianza kuvuma pembezoni, ukiizima stirio mtangazaji anarudi kueleweka. Kwa redio ya mazungumzo hiyo inatosha. Redio ya muziki haiwezi kuhesabu kijiji kinachosikia besi inakwaruza kuwa "eneo letu". Mtu hakai kwenye mkwaruzo saa mbili nzima akisubiri namba moja.

Moshi tuna historia ya jambo hili ambayo vijana wengi hawaijui. Miaka ya 1960 studio ya Sauti ya Injili ilikuwa ikirekodi vipindi vya Kiswahili hapahapa. Kanda zilisafirishwa Addis Ababa, kwenye kituo cha Walutheri kilichoanza kurusha mwaka 1963, na kutoka kule vipindi vilirudi Afrika Mashariki kwa masafa mafupi. Kipindi kilichotengenezwa Moshi kilikwenda kwanza Ethiopia ndipo kikasikika Moshi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo kile, na njia ikakatika. Waliokuwa wakifanya kazi ile walijua fika sauti yao inapita wapi. Redio za leo ziko jirani na wasikilizaji wake, basi zijue angalau kiasi hicho.

Nije kwenye kumi bora.

Kuna hesabu za aina mbili hewani. Ya kwanza ni ya siku: "zimebaki siku 7, tunatua Moshi!" Redio ikipata masafa mapya, inajenga hamu kwa wiki kadhaa, inapiga sauti za saa inayogonga, siku yenyewe inaleta wasanii na fulana. Mimi sina ugomvi na shamrashamra. Ninachotaka ni kwamba siku ikifika mtambo uwe umepimwa. Kuna kituo kilichohesabu siku hadi sifuri, na siku ya uzinduzi Pasua na Majengo tulipata mvumo tu, huku hewani wakitupongeza watu wa Moshi kwa kujiunga na familia. Watu waliitafuta siku ile, hawakuipata, wakarudi kwenye vituo vyao. Msikilizaji aliyekosa siku ya kwanza hamrudishi kwa urahisi.

Aina ya pili ni ya nyimbo. Marekani, ambako mtindo huu ulikua sana, jarida la Billboard lilianza orodha yake ya nyimbo 100 mwaka 1958 kwa kuchanganya mauzo ya sahani na upigaji wa redio. Kipindi cha mtangazaji Casey Kasem kilichoanza tarehe 4 Julai 1970, kikisikika kwanza kwenye vituo 7 tu, kilihesabu nyimbo 40 kutoka kwenye orodha hiyo ya Billboard. Aliyehesabu alikuwa mmoja na aliyetangaza mwingine. Kwetu mtangazaji ndiye anayechagua nyimbo za kushindanishwa, ndiye anayepokea ujumbe wa kura, ndiye anayejumlisha, na wakati mwingine ndiye meneja wa msanii aliye namba tatu. Hata kama ni mtu mwadilifu kabisa, hana namna ya kututhibitishia.

Na kura zenyewe zinatoka wapi? Ujumbe wa simu unatoka popote. Redio ikisikika mtandaoni, mtu wa Mbagala kule Dar anaipigia kura orodha ya "Kaskazini" akiwa hajawahi kufika Makumbusho ya Azimio pale Arusha. Si vibaya, ila isemwe. Msanii mwenye fedha anawanunulia marafiki salio, kila mmoja anatuma mara ishirini, anapanda. Kuizuia hiyo ni kazi ndogo: laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu zoezi la mwaka 2019 na 2020, basi hesabu kura moja kwa kila laini kwa wiki. Mtu anaweza kuwa na laini tatu, sawa, hatakuwa na mia.

Kwa nini nahangaika na haya? Kwa sababu Arusha imetoa muziki mkubwa bila kubebwa na mtu. X Plastaz walitoka pale wakaimba hadi Ulaya. Nako 2 Nako, Joh Makini na kundi zima la Weusi mizizi yao ni Arusha. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango wa redio binafsi, faida mojawapo tuliyotarajia ni kijana wa Sombetini kusikika bila kupanda basi la Dar. Kumi bora ya mtaani ikiwa ya kweli inamwambia kijana huyo wimbo wake umeshika Kwa Mrombo lakini haujafika Himo, naye anajua aende wapi. Ikiwa ya kununua, inamdanganya yeye kwanza kabla ya msikilizaji.

Nawaomba wadau mtoe ya kwenu. Semeni mko wapi, mnatumia redio gani, na mnashika nini.

Mdau wa Rombo: Dada fundi, umesema kweli. Huku Tarakea redio za Arusha hatuzijui kabisa. Tunashika za ng'ambo ya mpaka kuliko za kwetu, watoto wanajua matangazo ya sabuni ya Kenya kwa moyo. Halafu nakuta bango la tamasha limeandikwa "redio namba moja Kilimanjaro". Kilimanjaro ipi?

Msanii, Unga Limited: Nimesoma yote. Mimi nililetewa bei kwenye karatasi, kistaarabu kabisa: kuingia kumi bora bei hii, kukaa wiki nne bei hii, kupanda hadi tatu bora mnaongea. Nikauliza kura je, nikaambiwa kura zipo ila "zinasaidiwa". Nilirudi nyumbani sikulipa. Wimbo wangu unapigwa kwenye vifodi, daladala zetu ndogo, vya Njiro na Kijenge, madereva wameupata kwa flashi. Kwenye orodha haumo.

Mtangazaji wa zamani: Nimekaa kwenye studio miaka mingi, niwatetee kidogo wenzangu. Redio ya mkoa haina matangazo ya makampuni makubwa, hayo yanaishia Dar. Kuna umeme, mafuta ya jenereta, ada za leseni, haki za wanamuziki, na vijana wa kulipwa mshahara. Vifurushi vya kutangaza nyimbo ndivyo vinavyowasha taa. Mkisema visiwepo, mnasema redio ifungwe. Na mtangazaji asiyelipwa miezi mitatu, akipewa hela ya soda na msanii, mnategemea aikatae?

Mleta uzi: Kaka mtangazaji, nakuheshimu na nimekuelewa. Sijasema wasiuze. Wauze, ila kilichouzwa kiitwe kilichouzwa. Marekani kashfa ya watangazaji kulipwa chini ya meza iliwalipukia mwaka 1959, na DJ Alan Freed aliyekuwa na jina kubwa ilimharibia kazi yake. Sheria waliyoipitisha mwaka 1960 haikukataza kulipia wimbo upigwe. Ilidai msikilizaji aambiwe kwamba wimbo huu umelipiwa. Basi kuwe na kipindi cha nyimbo za kutangazwa, kiwe na jina lake, kipigwe hata mara mbili kwa siku, msanii alipe apewe risiti. Kumi bora ibaki mbali. Tena nadhani kituo kitauza zaidi, maana orodha ikiaminika, hata nusu saa ya tangazo iliyo jirani nayo inapanda bei. Kuhusu mshahara wa miezi mitatu, hilo ni la mwajiri. Msanii wa Unga Limited si wa kulibeba.

Ndugu wa Rombo, tafadhali wakumbuke na watu wa Holili, waeleze wanashika nini.

Mdau wa Machame: Nathibitisha la mteremko. Nyumbani kwetu juu, redio ya Arusha inaingia safi na stirio yake. Nikishuka Boma Ng'ombe bado ipo. Nikifika Moshi stendi inaanza kukatakata, hasa kwenye simu. Swali: asubuhi nyingine nashika vituo ambavyo sivijui, mchana havipo. Ni nini?

Mleta uzi: Asubuhi tulivu hewa baridi hulala chini na ya vuguvugu juu yake, na mpaka wa hewa hizo mbili unaweza kuyapinda mawimbi ya FM yakafika mbali kuliko kawaida. Jua likipanda hewa inachanganyika, vituo vinapotea. Kwa hiyo fundi wa redio akija kupima saa kumi na mbili asubuhi, kisha akarudi ofisini na ramani pana, ramani hiyo msiiamini. Apime na mchana na jioni.

Kuhusu simu: FM ya simu inatumia waya wa spika za masikioni kama antena, ukiukunja mfukoni umeiua. Unyooshe. Robo ya wimbi ni kama sentimita 75, hata waya wa kawaida wa urefu huo uliofungwa dirishani kwenye redio ya mezani unasaidia sana. Tena stendi mabasi na mabati yanarudisha mawimbi, yanakufikia mara mbili kwa nyakati zinazopishana, ndiyo maana ukisogea hatua mbili sauti inabadilika.

Mtangazaji wa zamani: Hilo la kipindi chenye jina lake nalikubali. Tulijaribu kitu kama hicho tukakiacha kwa sababu wasanii wenyewe walikikimbia, walitaka waonekane wameshinda.

Msanii, Unga Limited: Si wote, mzee. Mimi ningelipia kipindi hicho kesho.

Mdau wa Mwanga: Huku Mwanga redio za Moshi zipo, za Arusha inategemea. Barabarani kuelekea Same inashika, inaachia, inashika. Ndani ya nyumba hakuna kitu. Kumi bora huwa naipata imebaki namba nne hadi moja.

Mleta uzi: Asante sana, hii ndiyo taarifa ninayoitafuta. Naomba uongeze: ni redio ya gari au ya mkononi? Inapoachia unasikia mvumo mtupu, au kinaingia kituo kingine juu yake? Kama ni mvumo, ni nguvu au kivuli cha vilima. Kama ni kituo kingine, ni mgongano wa masafa, na hapo kuna la kuandikia ofisi ya TCRA Kanda ya Kaskazini. Andika na mahali, hata ukisema "baada ya daraja" sisi wa huku tutapajua. Zikifika taarifa za kutosha nitachora ramani niiweke hapa, wenye vituo waichukue bure.